Bosi Wako Mwenyewe

Kalamu ilimponyoka Dewey Tidmore kwa mara ya tatu, ikabingirika hadi ukingoni mwa meza. Vidole vyake havikunjiki tena mpaka mwisho. Amekamata kuku mabandani na kuwapakia malorini miaka kumi na tisa, wanne mkono huu, watatu mkono ule, vichwa chini, na sasa vidole vimekuwa vinene na vigumu kama miguu ya kuku wenyewe.

"Acha, Dewey. Nitaandika mimi," alisema Bi Arlene.

"Ndiyo, Mwalimu."

Bi Arlene ndiye aliyemfundisha hesabu kabla hajaacha shule darasa la nane. Sasa alikuwa mstaafu, na kila Jumamosi tangu mwisho wa Januari alikaa hapa chini ya kanisa la Wabaptisti na kompyuta yake, akiwajazia watu fomu za kodi ya mapato bure. Nyuma ya Dewey watu wanane walisubiri kwenye viti vya kukunja, makoti yao bado mwilini.

"Leo hatutumi kitu serikalini," alisema. "Kwanza nakadiria. Ukiridhika ndipo tunatuma."

Dewey aliujua utaratibu. Kila Februari Bi Arlene hukadiria, namba ya kijani hupanda kwenye kona ya kioo, na wiki tatu baadaye marejesho ya kodi aliyokatwa kupita kiasi huingia benki. Mwaka jana zilikuwa dola elfu moja mia nane na sabini. Za mwaka huu zilikuwa na kazi tayari. Mwezi uliopita daktari wa meno alimng'oa mkewe, Oleta, meno yote ya juu. Yalikuwa yameoza. Ya bandia ni dola elfu moja mia nane, na daktari hayatengenezi mpaka aone pesa. Marejesho yakija, Dewey alimwambia, na daktari akaelewa, maana hapa kila mtu hulipa hivyo. Sasa ilikuwa wiki ya sita Oleta akila viazi vya kuponda na kuongea mkono ukiwa mdomoni. Kanisani alikuwa haji tena.

Bi Arlene alifungua bahasha, akatoa karatasi moja. Akaigeuza, akatazama nyuma.

"Nyingine iko wapi?"

"Ipi?"

"Ya mwajiri. Inayoonyesha kodi waliyokukata."

"Mwaka jana hawakunikata kitu, Mwalimu." Alisema kwa majivuno kidogo. "Royce aliacha kutukata. Alituongezea."

Royce Pruitt ndiye mwenye kikosi cha wakamata kuku. Januari ya mwaka jana alizipanga karatasi kwenye boneti ya pikapu yake, akawaambia kwamba kuanzia siku hiyo kila mtu ni bosi wake mwenyewe. Yeye na wao ni washirika tu. Watu kumi na mmoja walisaini. Hundi ya wiki iliyofuata ilizidi kwa dola tisini, na Hoyt, mkubwa wao kwa umri, alinunulia kikosi kizima bia. Hakuna aliyeuliza hizo tisini zilikuwa zikienda wapi zamani.

Bi Arlene aliandika mapato ya mwaka: dola elfu thelathini na nne. Namba ya kwenye kona ikabadilika, ikawa nyekundu.

"Umebonyeza pabaya," alisema Dewey.

"Sijakosea."

"Elfu tano mia moja na kumi na sita. Wananirudishia zote hizo?"

"Unadaiwa, Dewey."

Alitazama ile namba. Mashine ya kupasha joto ilikuwa ikinguruma ukutani, lakini miguu yake ilikuwa ya baridi mpaka magotini. Alimkumbuka Lonnie wa barabara ya kinu, jinsi serikali ilivyochukua pesa zake benki, mpaka zile za kumzikia mama yake. Akaikumbuka nyumba yake mwenyewe, na ile ekari moja aliyoachiwa na baba.

"Mimi sijawahi kudaiwa na serikali," alisema kwa sauti ndogo. "Mwalimu, angalia tena."

"Nimeangalia. Zaidi ya elfu nne na mia saba ni ya mafao ya uzeeni na matibabu ya wazee. Ulipokuwa umeajiriwa, nusu ulilipa wewe na nusu Royce. Sasa karatasi inasema umejiajiri, kwa hiyo unalipa nusu yako na nusu yake."

"Lakini sikupata elfu thelathini na nne. Kila siku anatukata dola kumi na mbili. Za van na glavu."

"Ana risiti? Bila hizo siwezi kuzipunguza."

"Risiti ya glavu?"

Bi Arlene alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akaivaa tena.

"Kompyuta inataka jina la biashara yako."

"Biashara gani?"

"Hii. Yako."

Mmoja wa waliokuwa wakisubiri alikohoa. Dewey alihisi masikio yanawaka.

"Nani anakupangia saa ya kuanza?" aliuliza Bi Arlene, taratibu sasa, kama zamani alipomwita ubaoni.

"Royce."

"Banda la kwenda?"

"Royce."

"Unaweza kumtuma mtu mwingine badala yako?"

Dewey alicheka, kisha akaona haulizi kwa mzaha.

Bi Arlene alifungua droo, akatoa fomu nyingine, akaiweka katikati yao. Aliinama mbele. "Hapa unaiambia serikali kwamba wewe ni mwajiriwa. Wataamua wao. Wakikubali, ile nusu ya Royce watamdai yeye."

"Atajua ni mimi?"

"Watamwandikia barua kumuuliza kuhusu kazi yako. Lazima watamtajia jina."

Mlango wa ngazi ulifunguliwa. Royce Pruitt, ambaye pia ni shemasi wa kanisa hilo, alishuka na maboksi mawili ya donati.

"Chakula cha wenye akili za hesabu!" alisema. Watu walicheka, wakainuka. Dewey aliweka kiganja chake juu ya fomu. Mkono wake ulikuwa mpana, lakini karatasi ilijitokeza pande zote.

"Mshirika!" Royce alimpiga begani. "Serikali inakupa ngapi mwaka huu?"

"Bado tunakadiria."

"Usimalize pesa zote za Mjomba Sam, tuachie na sisi."

"Royce," alisema Bi Arlene. "Hawa watu wako. Mbona umewaandika kama wakandarasi, si waajiriwa?"

"Walijiandika wenyewe, Bi Arlene. Muulize. Dewey, nilikushika mkono usaini?"

"Hapana, bwana."

"Kuna mtu alilalamika, zile tisini zilipoingia?"

"Hapana, bwana."

"Unaona." Royce alitabasamu, akamsogezea Bi Arlene boksi. "Chukua ya mdalasini. Na hii mashine ya joto inapiga kelele sana. Nitawaambia wenzangu wa baraza la kanisa tuwanunulie nyingine. Kama mtaendelea kutumia chumba hiki."

Bi Arlene alitazama ile donati. Akatazama watu wanane na bahasha zao. Akachukua ya mdalasini.

Royce alishusha macho kwenye mkono wa Dewey, akayaacha hapo kidogo.

"Van saa kumi," alisema. "Usichelewe."

Alipokwisha kupanda ngazi, Dewey aliinua kiganja. Jasho lilikuwa limelowesha fomu. Aliikunja mara nne, akaitia ndani ya buti.

"Jina la biashara," alisema Bi Arlene bila kumtazama. "Naweza kuandika lako tu. Wengi wanafanya hivyo."

"Andika hilo. Lakini usitume."

"Mwisho ni katikati ya Aprili, Dewey. Unaweza kuomba kulipa kidogo kidogo. Kuna riba."

Nyumbani Oleta alikuwa ameponda maharage mpaka yakawa rojo. Juu ya meza alikuwa ameweka kipande cha plastiki alichoazimwa na daktari, chenye meno madogo sita ya mfano, yaliyopangwa kutoka jeupe hadi la manjano.

"Nimechagua la tatu," alisema nyuma ya mkono. "La kwanza ni jeupe mno. Watu watasema nimekuwa mchezaji wa sinema." Alicheka, na kwa kicheko hicho akasahau, mkono ukashuka. "Ni ngapi mwaka huu?"

Dewey aliinama kufunga kamba za buti ambazo zilikuwa zimefungwa.

"Bado wanakadiria."

"Kichukue basi, uliangalie hilo la tatu kwenye mwanga. Mimi macho yananidanganya."

Saa kumi kamili honi ililia. Dewey alipopanda, watu kumi walikuwa wamekwisha kaa ndani ya van, na ubao wenye karatasi za ushirika za mwaka huu ulikuwa ukipita kutoka goti hadi goti. Royce alisimama nje, mlangoni, akiwahesabu. Ubao ulipofika kwa Dewey, alisoma mstari wa kwanza, polepole, mdomo ukicheza. Mguuni ile fomu ilimkwaruza kifundo.

"Kuna neno hulielewi?" aliuliza Royce.

Wote kumi waligeuka.

Kalamu ilimponyoka. Hoyt aliiokota, akaikamatisha vidole vya Dewey kimoja kimoja, akavibana kwa mkono wake mwenyewe mpaka saini ikaisha.

Royce alipokea ubao, akapuliza wino.

"Asante, bosi," alisema, akaufunga mlango kwa nje.