Mama Chini ya Jiko

Jumatano saa nne asubuhi, msanifu wa mandhari ya michezo ya kompyuta alikuwa na vitu elfu moja mia nne na kumi na viwili kwenye orodha yake, na karibu vyote vilikuwa shaghalabaghala. Vijiko vilikuwa chini ya paa. Mlango wa choo ulikuwa chini ya sufuria. Kwa mchezaji nyumba ilionekana nzuri tu, lakini katika kazi hii kitu kilichoorodheshwa chini ya kingine hukifuata kila kinakokwenda. Ukilisogeza paa, vijiko vyote vinapaa nalo.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya wazazi wake. Hakuwa na muda wa kubuni nyingine, basi alikwenda kwao na futi kamba, akapima, akapiga picha mia tatu. Mama yake naye alimchonga kwenye kompyuta, mita moja na sentimita hamsini na nane, apate kupimia urefu wa milango na meza. Sanamu ya kupimia hufutwa kazi ikiisha. Yeye alisahau.

"Ijumaa naitaka imenyooka," msimamizi alisema, amesimama nyuma ya kiti chake. "Si tumewanunulia akili mnemba? Iambie ipange."

Aliipa zile picha, akaiambia ipange kwa matumizi. Ilichukua sekunde arobaini. Vijiko vilirudi kwenye droo, mlango ukarudi chooni, na Mama akawekwa chini ya jiko la gesi. Msanifu aliona. Alicheka kidogo, akataka kurekebisha, lakini msimamizi alikuwa bado anamhemea shingoni, basi akabonyeza Kubali.

Jumamosi mama yake alikuwa asafiri kwenda kumwona dada yake mkubwa, mgonjwa wa kitandani tangu mwaka juzi. Safari hiyo ilikuwa imeahirishwa mara sita, kila mara kwa sababu ya mtu mwingine. Alivaa viatu, akachukua begi, akafika hatua nne kutoka kwenye jiko na hapo akakwama. Alijaribu mlango wa nyuma. Hatua nne.

"Vipi tena?" baba aliuliza kutoka sebuleni.

"Siwezi kupita hapa."

"Basi kama upo, nitilie chai."

Kesho yake kaka wa msanifu alikuja na pikapu kulichukua lile jiko, kwani mkewe alikuwa amejifungua na la kwao limeharibika. Lilipopandishwa, mama alipanda nalo, akakaa ubavuni mwake na begi mapajani. Kaka alifunga kamba, akamwomba asogee kidogo.

"Imekaa vizuri," kaka alimwambia msanifu kwa simu. "Wifi yako alikuwa hoi. Na baba anasema atahamia huku, maana kule hakuna wa kumpikia."

Msanifu alipandwa na hasira, na aliyezibeba zote ni mashine. Jumatatu alifika kazini kabla ya wenzake, akaandika hata kabla hajavua koti: Kwa nini umemweka mama yangu chini ya jiko?

"Katika picha mia tatu ulizonipa, anaonekana katika sitini na moja," msaidizi huyo wa akili mnemba alijibu kwenye kioo cha kompyuta. "Katika zote, jiko ndilo lililo karibu naye zaidi. Katika kumi na tisa, anakupa sahani."

Picha alizipiga mwenyewe. Alizifungua moja moja, zote kumi na tisa, na aibu ikampanda hadi masikioni. Siku ile alikula vizuri sana.

Alimtoa Mama chini ya jiko, akamwacha peke yake. Msaidizi akamwonya kwamba kitu kisicho chini ya kingine hakiingii kwenye toleo la mwisho. Nikifute? Hapana, aliandika haraka. Alitafuta nyumba ya mama mkubwa, lakini haikuwamo. Hakuna aliyewahi kuagiza itengenezwe. Ilibaki kamera, jicho la kuitazamia mandhari, ambayo yeye aliiweka kwenye kimo cha macho yake mwenyewe. Alimweka Mama chini ya kamera, akabonyeza Kubali, akajiona mtoto mwema.

Saa tano kasoro mama aliingia ofisini na begi lake. Aliwasalimia wote, akaja kusimama nyuma ya kiti cha binti yake.

"Nimefika, mwanangu. Sasa si tunaweza kwenda kwa dada?"

"Tunaweza, mama. Nimalizie hii mandhari kwanza. Tuseme wiki ijayo."

Mama aliitikia kwa kichwa. Aliweka begi chini ya meza, akaona kikombe cha binti yake kitupu. Hadi saa nane alikuwa ameshajua birika la ofisi liko wapi, na msimamizi alikuwa ameshauliza kama kuna kikombe cha ziada.

Alhamisi mama mkubwa alipiga simu. Sauti yake ilikuwa imefifia, ikabidi msanifu aache kutafuna ili amsikie.

"Mnakuja lini?"

"Wiki ijayo, mama mkubwa. Tumebanwa kidogo."

"Mwambie namngoja."

"Nitamwambia."

Alikata simu, akarudi kwenye orodha yake. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri, hadi kwenye kola. Alipomaliza kula alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na sahani ikapokewa.