Walisema Alikuwa Akisikiliza Kutu

"Ifunike hiyo fulana, au ukae nje," mama mmoja wa kanisa aliniambia kwenye mlango wa hema la msiba, na kabla sijamjibu alikuwa ameshanitupia leso begani.

Fulana yangu ilikuwa nyeusi, na kifuani imeandikwa KUTU kwa herufi nyekundu, kama zilizokwaruzwa kwa msumari. Kutu ni bendi ya roki, vijana wanne wa Kisauni wanaoimba Kiswahili chetu juu ya magitaa yanayonguruma. Mimi na Bramwel tulivaa fulana hizo makusudi. Garama angetucheka kama tungekuja kumzika tumevaa kama makarani wa benki. Lakini pale uani kwao Mtongwe, nilipomwona mama yake ameketi mkekani, miguu ameinyoosha kama mtu asiyekusudia kuinuka tena, nilijifunga ile leso kifuani.

Tulikuwa watatu. Mimi, mwalimu wa chekechea; Bramwel, mtu wa bara aliyeletwa Likoni na kazi ya umeme, na Garama, mpakiaji wa nondo katika ghala moja la Changamwe. Kilichotukutanisha ni Kutu. Kila Jumamosi alasiri tuliketi kwenye benchi la Jalila, muuza viazi karai, tukagombana juu ya wimbo upi ulio bora, na Jalila akatuongezea ukwaju ili tunyamaze.

Bramwel aliapa kwa "Jenereta". "Zile drams, Vivian! Ukisikia vile anaingia, si unajua kuna mtu amekasirika?"

Mimi nilisimama na "Niite kwa Jina", kwa sababu ya besi inayotembea polepole chini ya maneno, kama mtu anayevuka chumba gizani bila kugusa kitu.

Garama hakutaka kusikia zote mbili. Wimbo wake ulikuwa "Mlango wa Bati", mrefu, mzito, ambao redio zote ziliukataa. Alikuwa akiuimba kwa sauti mbaya ajabu. Alipenda yale maneno ya mwisho, magitaa yanapokoma: *Mlango wa bati hauna siri, mama huamka kabla sijabisha.*

"Nyinyi mnasikiliza vyombo," alituambia. "Mimi nasikiliza wimbo."

Jumamosi ile ya mwisho nililalamika kwamba simu yangu haitoi besi vizuri. Garama akavua visikizio vyake masikioni, vyeusi, vimefungwa gundi upande mmoja, akanipa. "Kaa navyo. Sikiliza 'Mlango wa Bati' mara moja tu, kwa adabu, halafu uje uniombe radhi." Kisha, huku akipangusa vidole, akasema kama mtu anayezungumzia hali ya hewa: "Ule mnyororo wa kunyanyulia nondo umechoka. Tumemwambia Bwana Changawa, anasema utatumika mpaka mwisho wa mwezi."

Tukarudi kwenye nyimbo. Jumanne mnyororo ulikatika.

Siku ya mazishi, Mchungaji Justus aliposimama, nilitarajia maneno ya kumfariji mama. Badala yake alitutazama mimi na Bramwel, akafungua Biblia bila kuisoma.

"Kijana huyu hakuuawa na chuma," alisema. "Ameuawa na masikio yake. Alikuwa kazini huku ameziba masikio kwa kelele za shetani. Wenzake wakapiga ukelele, naye hakusikia. Wazazi, angalieni watoto wenu wanasikiliza nini!"

"Amina," akaitikia mtu wa safu ya mbele, kwa sauti nzito.

Alikuwa Bwana Changawa, mwenye ghala. Alikaa kwenye kiti chenye mto, shati jeupe limenyooka, na kila Mchungaji alipotaja muziki alitikisa kichwa kwa huzuni. Hapo ndipo nilipoelewa ile habari ya masikio ilikotoka. Damu ilinipanda hadi machoni. Walikuwa wamemwangushia Garama nondo, na sasa, mbele ya mama yake, walikuwa wanamtwisha na kosa.

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka leso ikianguka.

"Hakuwa na visikizio," nilisema.

"Binti, keti chini. Huu ni msiba."

"Najua ni msiba. Visikizio vyake ninavyo mimi." Nilivitoa mkobani nikaviinua juu. "Alinipa Jumamosi. Kwa Jalila, Bramwel akiona. Jumanne alikuwa na masikio yake matupu, na juu yake kulikuwa na mnyororo uliochoka. Mwulizeni Bwana Changawa aliambiwa lini."

Bwana Changawa akageuka taratibu. "Huyu ni nani?"

"Mtoeni," Mchungaji alisema, na yule mama wa mlangoni akanishika mkono.

"Mwacheni!" Sauti ilitoka mkekani. Mama Garama alikuwa amesimama, leso imemteleza kichwani. "Mchungaji, hizo kelele za shetani alizosikiliza mwanangu ni wimbo gani?"

Mchungaji alifunga Biblia.

"Nakuuliza kwa heshima. Taja mmoja."

"Mama, majina ya nyimbo zile mimi si…"

"Basi hujui." Akatugeukia. "Nyinyi mnajua?"

Tukamwambia "Mlango wa Bati". Akataka tuuimbe, pale pale, na mimi na Bramwel tukauimba bila gitaa wala ngoma, vibaya kama Garama mwenyewe. Tulipofika kwa mama anayeamka kabla ya mlango kubishwa, alijishika kifua. Nyuma ya hema, wapakiaji wawili wa Changamwe walivua kofia. Mmoja wao, Jefwa, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mnyororo tulimwambia. Mimi mwenyewe nilimwambia."

Bwana Changawa aliondoka kabla jeneza halijapelekwa kaburini.

Huu ni mwaka wa pili wa kesi ya Mama Garama dhidi ya Bwana Changawa. Tumeahirishiwa mpaka nimeacha kukasirika kwa sauti. Hasira imeshuka ikakaa mahali fulani chini ya mbavu, na siitaki iondoke. Wakili wake bado anasema Garama alikuwa akisikiliza Kutu. Mchungaji hajaomba radhi. Jefwa alifukuzwa kazi, lakini kila tukiitwa anakuja, amechomekea shati.

Juzi kesi iliahirishwa tena. Tuliketi kwenye benchi la nje ya mahakama, hakuna aliyetaka kuanza safari ya nyumbani. Mama Garama akamwambia Bramwel aweke nyimbo kwenye simu, zote, moja baada ya nyingine. Alisikiliza ameinamisha kichwa, na tulipomwuliza ameupenda upi, hakuutaja wa mwanawe.

"Ule wa ngoma nyingi," alisema.

"Jenereta!" Bramwel akaruka. "Si niliwaambia?"

"Garama angebisha, mama," nikasema.

"Abishe."

Karani alichungulia mlangoni, akatuomba tupunguze sauti, watu wanafanya kazi. Mama Garama alimtazama kutoka kichwa hadi viatu.

"Ongeza, Bramwel," akasema.