Kadi ya Mbwa wa Kijivu

Mbwa yule alipoingia uani siku ya mvua kubwa, dobi alidhani ni mweupe aliyechafuka. Hilo ni kosa la kazi. Mtu aliyefua nguo za watu miaka ishirini na miwili hawezi kuona kitu chenye rangi ya maji ya suuza ya kwanza akakubali kwamba ndivyo kilivyozaliwa. Akamkamata, akamtia kwenye karai kubwa, akamsugua kwa sabuni ya mche. Maji yakatoka meusi, mbwa akatoka wa kijivu. Kesho yake akarudia, safari hii akatia na buluu kidogo, ile ya kung'arishia mashuka. Mbwa akatoka wa kijivu. Mara ya tatu alimpitishia brashi ya kola, na mbwa wa watu ametulia tuli, anamtazama kama mgonjwa anavyomtazama daktari mwanafunzi. Wa kijivu vilevile. Dobi akatupa brashi, akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo.

"Haya, umeshinda," akamwambia. "Hiyo ni rangi yako."

Tangu siku hiyo mbwa hakubanduka. Alilala chini ya kamba za nguo, na wale waliozoea kupitisha mkono juu ya ukuta na kuondoka na mashati ya wateja wakaacha mchezo huo ghafla.

Shida ilikuwa jina. Katika nyumba ile mtoa majina alikuwa mmoja tu, wifi, dada mkubwa wa marehemu mume wa dobi. Na wifi hakutoa jina bure. Wengine hupiga vijembe kwa mdomo wao. Yeye alivipiga kwa wanyama, tena akakuachia wewe kazi ya kuwaita. Dobi alipoletwa bibi harusi alikuta mbwa mdogo ameshafungwa mlangoni, anaitwa Atarudi Kwao. Miaka kumi na mmoja alimpikia mbwa yule na kumwita kila jioni, "Atarudi Kwao! Atarudi Kwao, njoo ule!" huku majirani wakiziba midomo kwa viganja. Mimba ilipochelewa akaletwa paka, Tunangoja. Na mimba ilipokuja, dobi alimtunzia mtoto jina moyoni miezi tisa. Bado yuko kitandani hajiwezi, wifi akaenda kumwandikisha binti kwa jina jingine kabisa. Mume naye, Mungu amrehemu, alisema, "Mwache tu, ndivyo alivyo." Ndivyo alivyo! Maneno hayo mawili yamelea wajeuri wengi kuliko maziwa ya mama zao. Dobi akamnyonyesha mtoto.

Sasa gari la matangazo likapita mtaani. Jumamosi mbwa wote wapelekwe kwa bwana mifugo wakachanjwe kichaa. Kila mbwa atapewa kadi yenye jina lake na jina la mwenye mbwa. Kuanzia Jumatatu, mbwa asiye na kadi atakusanywa. Hawakusema akusanywe aende wapi, na hakuna aliyehitaji kuuliza.

Saa hiyohiyo wifi akatokea uani, mikono kiunoni.

"Jina nimeshampatia," akasema. "Shukuru."

Dobi alikuwa anakamua shuka. Mikono ikasimama. "Shukuru?"

"Shukuru. Mtu akifiwa na mume, akaachiwa pa kukaa, inafaa neno hilo limpite mdomoni asubuhi na jioni."

"Na kama nataka jina jingine?"

Wifi akacheka kwa dhati, kama aliyesikia kichekesho kipya. "Wewe? Bomba hilo na kamba hizo viko kwenye nyumba ya baba yetu. Asipoitwa Shukuru, mfungashe. Na wewe ufungashe."

Akaondoka anaburuta kandambili zake. Dobi akaendelea kukamua lile shuka mpaka likawa halina hata tone, na bado anakamua. Hasira ilimpanda taratibu, kwa sababu ilikuwa na njia ndefu ya kuja: ilianzia kwa Atarudi Kwao, ikapitia kwa Tunangoja, ikakaa muda mrefu kwenye cheti cha mtoto.

Binti yake, ambaye sasa alikuwa msichana mkubwa anayempita mama kwa urefu, alimkuta bado amelishika.

"Mama, si jina la mbwa tu? Mpe shangazi anachotaka, tuishi."

"Ndiyo maana, mwanangu. Kama siwezi kumpa jina hata mbwa, nitampa nani?"

"Akitufukuza, tutakwenda wapi?"

"Karai lina vishikio viwili," dobi akasema. "Linabebeka."

Alisema hivyo, lakini ukweli ni kwamba aliogopa. Wateja wake wote walimjua kwa ua ule. Siku zile zilizobaki alipiga pasi huku anahesabu vyumba vya watu anaowafahamu, na hakupata hata kimoja chenye bomba.

Jumamosi akamfunga mbwa kipande cha kamba ya kuanikia, akaenda. Mstari ulikuwa mrefu mbele ya ofisi ya mifugo, mbwa wanabweka, wenyewe wanasukumana. Bwana mifugo alikuwa mtu mfupi mwenye miwani, ameketi nyuma ya meza na boksi la barafu, mikono yote imejaa mikwaruzo. Dobi alipofika mezani akasikia kandambili nyuma yake. Wifi alikuja, amefungua mwavuli, akapita watu wote bila kuomba samahani na kusimama ubavuni mwake.

"Jina la mbwa?" akauliza bwana mifugo.

"Shukuru," wifi akajibu.

Peni ikagusa kadi.

"Usiandike," dobi akasema. Sauti ilitoka ndogo, imejikunja. Akajikaza kisabuni. "Bwana mifugo, hilo usiandike!"

Peni ikainuka. Watu wa mstarini wakaacha mazungumzo yao, maana ugomvi wa bure haukataliwi.

"Mwenye mbwa ni nani?"

"Sisi," wifi akasema. "Anakaa kwenye nyumba yetu."

"Mama, mimi sichanji nyumba. Nani anamlisha? Nani atamshika nikimdunga?"

"Mimi," akasema dobi, na tayari mkono wake ulikuwa shingoni mwa mbwa.

"Jina lako basi, nikuandike."

"Andika mke wa marehemu mdogo wangu," wifi akadakia.

"Hilo si jina, mama."

Wifi akafungua mdomo. Miaka ishirini na miwili alimwita "wewe", akimsema kwa wengine akamwita "huyu", na sasa alilitafuta jina la mtu anayemfulia nguo zake asilione. Dobi akamgeukia. Hakuwa na haraka.

"Mwambie, wifi. Mimi naitwa nani?"

Wifi akatazama mwavuli wake. Dobi akamngoja kwa haki kabisa, kisha akamgeukia bwana mifugo akataja jina lake, na la baba yake, na la babu yake, yote matatu, kwa sauti ya kumwita mtu aliye mtaa wa pili.

"Na mbwa?"

"Kijivu."

"Kijivu!" Wifi sauti ikamrudi. "Kijivu ndiyo nini? Unamsema nani hapo? Nywele zangu, siyo? Unasema mvi zangu mbele za watu!"

"Simsemi mtu, wifi. Namwita mbwa."

"Uongo! Lina maana hilo!"

"Maana yake ni mbwa wa kijivu."

Sindano ikaingia, Kijivu akalia mara moja, kadi ikapigwa muhuri. Dobi akaipokea kwa mikono miwili.

"Leo hiihii unatoka kwetu," wifi akasema.

"Sitoki." Hofu yote ya wiki nzima ilikuwa bado pale, lakini miguu haikuijali. "Anayetaka nitoke na anitoe sasa, mbele ya watu hawa. Na awaambie sababu, kwamba mbwa wa kijivu ameitwa Kijivu."

Mtu mmoja mstarini akashindwa kujizuia, akacheka. Akafuata wa pili, kisha mstari mzima. Wifi alizungusha macho akitafuta aliye upande wake, akaishia kumtazama bwana mifugo, na bwana mifugo akainamia kadi zake.

"Wifi, watu wanangoja," dobi akasema. "Sema."

Wifi akafunga mwavuli juani, akashika njia peke yake. Dobi akavuta kamba, akasema, "Kijivu, twende nyumbani."