Simu ya Kutandikia Vitanda

“Usiiwashe, dada. Ukiiwasha umeinunua.”

Titilia aliondoa kidole. Simu tatu zilikuwa juu ya kioo cha kaunta, kila moja kwenye boksi lake, na Vikash mwenye duka alikuwa ameuweka mkono karibu nazo kama mtu anayelinda chapati zisiibwe na paka. Nje, mabasi ya mji wa Nadi yalinguruma kwenye joto. Zamu yake hotelini ingeanza mchana.

“Sasa nitajuaje kama inafungua programu ya kazini?”

“Inafungua kila kitu.”

“Kila kitu ndiyo nini?” Roshni alidakia. “Na kabati langu inafungua? Maana nimepoteza ufunguo.”

Vikash alicheka kidogo. Roshni hakucheka. Yeye na Titilia walikuwa wamesafisha vyumba vya ghorofa moja kwa miaka mingi, na leo alikuja kama mshauri, kwa sababu simu anayo. Mwanawe aliyeko Sydney alimtumia. Titilia hakuwa na mtu Sydney.

Agizo la hoteli lilitolewa wiki iliyopita. Kuanzia leo wahudumu wa vyumba hawatapewa tena karatasi ya vyumba mwanzoni mwa zamu. Vyumba vitakuja kwenye simu ya mhudumu mwenyewe, na kila kitanda kikishatandikwa kipigwe picha ndipo chumba kingine kije. Asiye na simu ya kufaa hapati chumba. Asiyepata chumba anarudi nyumbani, na siku hiyo hailipwi. Simu ya Titilia ilikuwa ya vitufe, mgongo wake umefungwa kwa mpira wa nywele.

Aliitazama simu ya kwanza. Ilikuwa Samsung, nyembamba na nzuri, na bei yake aliiuliza mara moja tu. Ya pili ilikuwa iPhone iliyokwisha kutumiwa na mtu huko New Zealand.

“Hii hata watalii wako wanayo,” Vikash alisema. “Ukiwa nayo wanakuheshimu.”

“Mimi wananikuta nimepiga magoti chooni,” Titilia alijibu. “Hawaangalii mfukoni. Nionyeshe ya tatu.”

Ya tatu ilikuwa Zentra, jina ambalo hakuna kati yao aliyewahi kulisikia. Ilikuwa nene kama sabuni ya kufulia. Titilia aliuliza taratibu, jambo moja baada ya jingine. Betri? Inakaa siku mbili. Tochi? Ipo, na ina nguvu. Laini mbili? Ndiyo. Hilo lilikuwa muhimu, kwa sababu kisiwani kwa mama yake hushika mtandao mmoja tu, na si huu wa mjini. Redio? Inashika bila bando. Hapo akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kimbunga kilipokuja mwezi wa pili, umeme wa mtaa wao ulikatika na mnara wa simu ukaanguka, na aliyekuwa na redio ndiye aliyejua lini atoke ndani.

“Kamera?” Roshni aliuliza.

“Ya kupiga vitanda? Inatosha sana,” Vikash alisema.

Titilia alitoa leso iliyofungwa fundo. Zilikuwa pesa za mabati. Kimbunga kilichukua paa la jiko, na tangu hapo alikuwa anapikia muhogo chini ya turubai la buluu. Alipotajiwa bei alisimamisha mkono.

“Mwezi uliopita niliiona dirishani. Ilikuwa chini ya hapo.”

“Mwezi uliopita hoteli yenu ilikuwa haijawaambia mnunue,” Vikash alisema. Hakuwa na aibu wala ukali. Alisema kama anayetaja saa. “Na ikishafunguliwa hairudishwi. Tumeelewana?”

Roshni alimtukana kwa Kihindi chao, neno moja fupi. Titilia alilifungua fundo.

Kwenye mlango wa wafanyakazi wa hoteli, nyuma ya mapipa ya taka, wahudumu walikuwa wamejikusanya kwenye chumba kidogo chenye feni isiyozunguka. Apenisa, msimamizi wao, alikaa nyuma ya meza akiwaita mmoja mmoja. Yeye alitoka Vunidawai, Titilia alitoka Nasavu. Vijiji hivyo viwili ni tauvu, watani wa tangu enzi za mizimu: mtu wa huku humtukana wa kule atakavyo, huingia kwake na kuchukua kinachompendeza, na anayekasirika ndiye anayebaki na aibu. Apenisa aliutumia utani huo vizuri kazini. Siku alipotangaza agizo la simu, Titilia alikuwa ameinua mkono kuuliza nani atalipia. Apenisa akamkatiza: “Nyie walaji popo wa Nasavu, jifunzeni kwanza kuvaa viatu!” Chumba kizima kikaangua kicheko, na Titilia naye akacheka, maana ndivyo inavyopasa. Swali likafia hapo.

“Leta, mtani,” alisema sasa. “Tuone umeleta nini.”

Titilia aliiweka Zentra mezani. Apenisa alitafuta programu, akabonyeza, akasubiri. Kioo kikawa cheupe, kisha yakatokea maandishi: kifaa hiki hakikubaliki. Akajaribu tena. Maandishi yaleyale.

“Mfumo wake wa zamani,” alisema.

“Nimeinunua asubuhi hii.”

“Mpya dukani, zamani ndani. Kama wanaume wa Nasavu.”

Baadhi walicheka.

“Ulisema simu yoyote ya kisasa,” Titilia alisema.

“Nikasema ya kisasa. Hii ni tochi iliyopelekwa shule!” Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Apenisa aliisukuma simu kwake kwa kidole kimoja. “Nenda nyumbani leo. Tafuta nyingine. Kesho nitakuandikia zamu.”

“Nyingine kwa kitu gani?”

“Mtani, mimi si benki. Anayefuata!”

Ingekuwa siku nyingine, angeondoka. Pengine hata leo angeondoka kama asingesikia kicheko kile kikizunguka chumba na kurudi kwake. Aliwaza yale maswali yote aliyouliza dukani, betri, tochi, laini, redio. Alikuwa amechagua vizuri. Kwa maisha yake, hakuna simu pale kaunta iliyofaa kuliko hii. Haikufaa kwa kitu kimoja tu, kuipigia hoteli picha za vitanda vyake, na kwa ajili ya kitu hicho kimoja jiko lake halina paa. Akaitazama meza.

Simu ya Apenisa ilikuwa pale, nyeusi, nyembamba, kwenye kava la ngozi.

Titilia aliichukua.

“Mtani,” alisema, “hii nimeipenda.”

Kicheko kilikatika. Kisha mama mmoja wa kufua nguo, mtu mzima aliyekuwa amekaa kwenye ndoo, akapiga vikofi vya kupokea zawadi, viganja vimekunjwa kama vikombe, polepole, sauti nzito yenye uwazi ndani. Wengine wakamfuata. Kwa vikofi hivyo simu ikawa yake, jambo limekwisha. Apenisa alitazama huku na huku, meno nje, maana asingeweza kutokucheka.

“Haya, umenipata. Umenipata kweli. Sasa rudisha.”

“Tangu lini watu wa Vunidawai wanaomba kurudishiwa?”

“Siyo hivyo.” Aliinama mbele, akashusha sauti, lakini chumba kilikuwa kidogo. “Hiyo siyo yangu. Ni ya hoteli. Wasimamizi tumepewa.”

Vikofi vilikoma.

“Mmepewa?” Roshni aliuliza kutoka mlangoni.

“Ni kifaa cha kazi.”

“Na sisi hapa tunakuja kucheza?”

Kwa kumtendea haki Apenisa, agizo hakulitunga yeye. Liliteremka kutoka ofisi za juu, na huko nako liliteremka kutoka ng’ambo. Lakini kwamba wasimamizi wamepewa simu, alikuwa amejua. Wiki nzima alilijua hilo, akawatania.

“Mimi sikuchukua hotelini,” Titilia alisema. “Hoteli siijui ukoo wake. Nimechukua mezani kwa mtani wangu. Ukitaka kukasirika, kasirika, wote wakuone.”

Akaiinua simu mbele ya uso wa Apenisa. Kwa mazoea msimamizi aliitazama, na simu ikafunguka. Vyumba vya siku nzima vilikuwa pale, vimepangwa. Titilia alikigusa cha kwanza cha ghorofa yake, akaitia simu kwenye mfuko wa aproni, akashika toroli. Mama wa ndoo alisogeza miguu ampishe.

Wageni wa chumba kile walikuwa bwawani. Walikuwa wameacha taulo sakafuni na nanasi lililoliwa nusu. Titilia alivua mashuka, akatandika mapya, akakunja pembe kama alivyofundishwa, akapiga picha kama walivyotaka. Ilitoka nzuri sana. Programu ikampa chumba kingine.

Ndipo simu ilipoanza kuita. Jina kwenye kioo lilikuwa la Meneja Mkuu. Ikaita mpaka ikanyamaza, ikaita tena. Jioni angeitwa ofisini, hilo alilijua, na pale juu hakukuwa na utani wa kumlinda. Aliitoa simu nyeusi, akaiweka juu ya mto uliotandikwa, ikatetemeka yenyewe kwenye kitani cheupe.

Kutoka mfuko wa pili alitoa Zentra. Akabonyeza redio. Ilishika papo hapo, safi, bila bando. Mtangazaji alikuwa anasoma hali ya hewa: mvua kubwa upande wa magharibi kuanzia jioni, wenye nyumba dhaifu wajiandae.

Titilia aliongeza sauti mpaka mlio wa ile nyingine usisikike, akaiegemeza Zentra kwenye taa, akaingia chooni kusugua.