Ushahidi wa Namba 318

Bwana Muchiri alipigwa kalamu siku ya Jumanne, saa kumi na robo za alasiri, wakati Loice anapima kapu la mwisho katika kituo cha majani cha Kaborusei. Kapu lilikuwa la kilo kumi na nane na nusu. Hakuwa amelitoa kwenye ndoano ya mizani simu ilipotetemeka ndani ya mfuko wa aproni, ikatetemeka tena, halafu ikashika mfululizo kama mtu mwenye homa. Alimaliza kuandika kilo, akapangusa mikono, ndipo akasoma. Mheshimiwa alikuwa amemwachisha kazi mchunguzi kuanzia saa hiyo hiyo, kwa kosa la kuvuka mipaka ya kazi aliyopewa.

Mheshimiwa huyo ndiye aliyempa kazi yenyewe. Mwezi wa tano trekta ilikosa breki kwenye mteremko ulio chini ya shamba, trela ikapinduka darajani na kuua wachumaji chai tisa. Mheshimiwa alilia mbele ya kamera, akalia vizuri sana, akaahidi uchunguzi. Muchiri akaja na meza ya kukunja, faili ya kijani na kalamu mbili. Aliweka meza chini ya paa la mabati, kando ya mizani, na kwa siku kumi na moja akaandika ushahidi wa walio hai. Siku ya kumi na mbili, saa kumi na mbili na nusu jioni, marehemu wakaja wenyewe.

Walikuja kwa miguu kutoka upande wa daraja, na aproni zao za plastiki na makapu mgongoni, wakaketi kwenye benchi kwa kufuata namba zao za kazi, kama walivyozoea wakingoja kupimiwa. Muchiri alitazama saa, akafungua kalamu, akamwuliza wa kwanza, mama aliyeitwa Jerusa, jina lake kamili na mahali alipozaliwa. Loice aliwapelekea chai. Hawakunywa, ila walishika vikombe mpaka vikapoa. Watu wa kambini walisema ni vizuri wamekuja, kwa sababu hakuna anayezijua breki za trekta kuliko aliyekuwa juu ya trela.

Wanane waliandikwa kwa jioni nne. Wa tisa alikuwa Phelix, mume wa Loice, na aliwekwa wa mwisho kwa sababu hakuwa na namba.

Hapo ndipo palipokuwa na taabu yote. Phelix hakuwa ameandikwa na kampuni. Alichuma kwa namba 318, ambayo ni ya jirani yao Kipkirui, naye Kipkirui alikuwa akipata nafasi ya kukaa kwao Ndanai na ng'ombe wake. Kuchumia namba ya mtu ni jambo la kila siku katika mashamba ya chai. Nyapara anajua, na karani anajua zaidi. Karani alikuwa Loice. Kwa miaka miwili alipima majani ya mumewe, akayaandika kwa jina la Kipkirui. Trela ilipopinduka, nyapara alisoma namba kutoka kwenye karatasi hiyo hiyo ya Loice, Mheshimiwa akasoma majina tisa redioni, na la saba likawa la Kipkirui. Kipkirui aliporudi kutoka Ndanai kesho yake alikuta amekwisha kufa.

Angeweza kusema. Lakini kusema kungekuwa kumwambia Mheshimiwa kwamba amekosea, tena redioni, na kampuni ingemfukuza kwa kuazimana namba. Akanyamaza. Mwili ulitoka mochari na kadi ya 318 ikiwa imefungwa mguuni, jeneza limepigiliwa misumari, ukazikwa Ndanai nyumbani kwa akina Kipkirui. Mheshimiwa alihutubia mazishi kwa dakika arobaini. Kipkirui alikaa mstari wa pili chini ya hema, akanywa soda, na Mheshimiwa alipomfikia alimpa mkono na kumwambia pole kwa msiba. Loice alisimama nyuma pamoja na wapishi, akiogopa karatasi aliyoiandika mwenyewe.

Hicho ndicho kilichokuwa kikimla Loice. Mtu wa ziwani huzikwa kwao, na kwao Phelix ni Kendu Bay, ambako nafasi yake ilikuwa ikimngoja mbele ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Loice alikuwa amekwisha kwenda kuwaomba wazee wazike tunda la yago badala ya mwili, kama wanavyofanyiwa waliozama ziwani wasionekane. Wazee walimsikiliza kwa huruma, wakakataa. Walisema yago ni la mtu aliyepotea, na Phelix hajapotea, inajulikana amelala wapi. Alete mwili, au alete karatasi ya kumruhusu kuufukua.

Karatasi hiyo ilikuwa ianze safari yake Jumanne jioni.

"Mama Maxine," Muchiri alikuwa amemwambia Jumatatu akifunga faili, akimwita kwa jina la binti yake aliyekuwa shule ya bweni, "kesho ni zamu ya mzee wako. Nikishamwandika na jina lake, hiyo statement unaenda nayo kortini, wanafukua. Lakini lazima aseme yeye mwenyewe."

Badala yake walikuja mabwana wawili wenye viatu safi, wakachukua faili ya kijani, wakamwachia Muchiri kalamu zake. Alimpa Loice mkono, akasema, "Pole, mama," akaondoka kuelekea Kericho bila kukumbuka meza. Saa kumi na mbili na nusu marehemu walikuja kama kawaida. Wale wanane hawakuwa na shughuli tena, ila walikuwa wamemsindikiza Phelix. Wakaketi mbele ya meza tupu mpaka michai yote shambani ikawa nyeusi kwa giza, kisha wakainuka na kwenda.

Katika grupu ya WhatsApp ya Majirani wa Kaborusei, ujumbe ulifika mia nne kabla ya ugali kuiva. Hakuna aliyebisha kwamba marehemu walikuwa wakija. Ubishi ulikuwa kama wana haki ya kusikilizwa, ilhali Mheshimiwa alikwisha kuwafariji.

"Huyo Muchiri alikuwa na agenda," aliandika Eugene, mwenye duka la misumari na mabati kule Kaplong. "Mtu akishazikwa anataka nini tena?"

"Anataka kusema nani alijua breki hazishiki," akajibu Wangeci, anayeuza mitumba Kericho. "Mbona afutwe leo na amebakisha shahidi mmoja?"

"Wangeci, tafadhali. Mimi na wewe tulikuja huku kufanya biashara. Usitutafutie maneno."

"Breki haina kabila, Eugene."

Wangeci alikuwa na picha ya marehemu wakiwa kwenye benchi, akaiweka. Ilitoka vizuri, ila Jerusa alikuwa amefumba macho. Wafuasi wa Mheshimiwa walisema benchi hiyo si ya Kaborusei. Siku mbili zikaisha watu wakibishana juu ya benchi.

Aliyeandika kuliko wote alikuwa Kipkirui. "Kama mmoja wa marehemu, namshukuru Mheshimiwa kwa uamuzi huu," aliandika, na watu wakamwekea vidole gumba na kumtakia apumzike kwa amani.

Alhamisi Loice aliomba ruhusa kazini, akaenda Ndanai. Alimkuta Kipkirui uani akichonga kigingi cha kufungia ndama. Kaburi lilikuwa hatua ishirini kutoka hapo, lina msalaba wenye jina la Kipkirui, na nyasi zake zilikuwa zimekatwa vizuri. Mama yake Kipkirui alimletea mgeni kikombe cha mursik, yale maziwa yao ya kibuyu. Kipkirui hakuletewa. Tangu mazishi mama huyo alikuwa ameacha kumhesabu kwenye vikombe, naye alikuwa amezoea kujimiminia.

"Kipkirui, ndugu yangu, mimi sitaki ufungwe," Loice alisema. "Andika tu kwa grupu kwamba siku hiyo ulikuwa hapa na ng'ombe. Mstari mmoja."

"Mama Maxine, mimi niko kwa list."

"Uko hapa unachonga mti."

"Niko hapa, ndiyo. Lakini Mheshimiwa alishasoma." Alikigeuza kigingi, akachonga upande wa pili. "Nikisema niko hai, nimemwita mwongo. Na alikuja hapa kwetu. Alikula. Mama alipewa blanketi na tangi ya maji. Nimwambie arudishe?"

"Mzee wangu amelala kwa boma ya watu."

"Hatusumbui," Kipkirui alisema kwa upole, na kwa kweli alikusudia kumfariji. "Jioni akitoka, sisi tunafunga tu mbwa."

Loice alitamani kumrushia kikombe. Badala yake alimshukuru mama kwa mursik, akasimama kidogo kando ya kaburi, akarudi Kaborusei na hasira iliyomkaa kifuani mpaka kesho yake.

Ijumaa Phelix alipopita nyumbani kutoka kwenye benchi, Loice alimpa simu yake ya zamani. Alikuwa ameichaji kila wiki tangu mwezi wa tano bila kujiuliza kwa nini, na namba yake ilikuwa bado imo katika grupu. Kioo cha simu hakikuvitambua vidole vya Phelix kwa jinsi vilivyokuwa baridi. Loice alivipasha moto juu ya jiko, kimoja kimoja, ndipo kikakubali.

"Mimi ni Phelix Owaga wa Kendu Bay," aliandika. "Nilichuma kwa namba 318. Asubuhi dereva alisema breki hazishiki, nyapara akasema twende tu. Mimi si Kipkirui. Naomba kurudishwa kwetu."

Eugene akauliza huyu naye ni nani, mbona hayuko kwa wale tisa. Mwingine akasema hiyo ni akaunti ya watu wa Muchiri. Wangeci akaandika, "Jamani, msomeni kwanza," lakini Kipkirui alikuwa amekwisha kujibu kwamba 318 ni yeye, na hayatambui maneno hayo. Ndipo Clifford, fundi wa kiwandani ambaye ndiye msimamizi wa grupu, akakumbusha wote kwamba hapa ni mahali pa mambo ya maendeleo. Chini ya maneno yake kukatokea mstari mdogo wa kijivu uliosema kwamba Clifford amemwondoa Phelix.

Phelix aliusoma, akamrudishia Loice simu.

"Ni Clifford huyu wetu?"

"Huyo huyo."

"Nilimbebea kitanda siku aliyohamia," Phelix alisema. Loice akalia mbele yake kwa mara ya kwanza tangu mumewe alipokufa.

Baada ya wiki mbili Mheshimiwa alimleta mchunguzi mpya, Bwana Gichana, mtu mpole mwenye sauti ya kanisani. Alitumia meza ya Muchiri. Aliwaamkua marehemu mmoja mmoja, akawauliza kama baridi si kali, akaanza kuwaandika upya. Kila aliyesema breki, yeye aliandika ukungu, akamsomea, akamwuliza kama ukungu haukuwepo. Ulikuwepo, asubuhi za huku hazikosi ukungu. Basi wakatia alama ya kidole gumba.

"Mia tatu na kumi na nane," aliita.

Phelix alisimama. Kipkirui, aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi, akatokea nyuma ya watu, akaketi kwenye benchi karibu na Jerusa. Jerusa alisogea kumpa nafasi, kwa maana alikuwa mama mwenye adabu.

"Bwana, 318 ni huyu," Loice alisema, akimshika Phelix bega. "Mimi ndiye karani. Mimi ndiye nilikuwa naandika."

Gichana alimtazama Phelix, akamwona vizuri kabisa, hata akamwambia pole. "Na ulikuwa unaandika jina gani, mama?"

"Kipkirui."

"Kwa mkono wako?"

Loice alihisi mkono huo ukiwa mzito juu ya bega la mumewe. "Kwa mkono wangu."

"Sasa tunasumbuana kwa nini?" Gichana aliuliza taratibu, akamgeukia mtu aliyeketi.

Kipkirui aliapa. Alisema alikuwa kwenye trela siku hiyo, breki zilikuwa nzuri, ukungu ulikuwa mwingi, naye alikufa papo hapo bila maumivu. Alipoulizwa kama ana la kuongeza, alimshukuru Mheshimiwa. Kisha akatia sahihi na kuomba ruhusa aende, kwa sababu ng'ombe walikuwa hawajakamuliwa.

Ripoti ilitoka Jumatatu, na grupu iliibishania siku moja na nusu. Wangeci alisema Muchiri asingefutwa, leo tungekuwa tunasoma kitu kingine. Eugene akasema leo angalau kuna amani. Halafu mtu akauliza nani atagombea kiti mwaka ujao, na wote wakahamia huko.

Jioni hiyo ya Jumatatu Phelix alikuja nyumbani moja kwa moja. Alikaa karibu na jiko, magoti yakiwa pamoja, kama mtu aliyekuja kuposa.

"Wamesoma?"

"Wamesoma."

"Niko ndani?"

Loice hakuwa amewahi kumdanganya mumewe katika miaka kumi na mmoja ya ndoa yao, wala katika ile miezi ya baadaye. Alimpenda, na alikuwa amechoka kumwona akingoja.

"Uko," alisema. "Wamesoma jina lako lote, na la baba yako. Sasa unaweza kwenda nyumbani."

Phelix alitabasamu. Alimwambia amsalimie Maxine, na kwamba mlango wa nyumba ya Kendu Bay unataka bawaba mpya, amwambie ndugu yake. Akatoka. Loice alisimama mlangoni akimfuata kwa macho kati ya michai mpaka njia panda, pale barabara moja inapoteremka kwenda ziwani na nyingine ikaenda Ndanai. Phelix alishika ya ziwani. Alitembea hatua kama thelathini, akapunguza mwendo, akasimama. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, uso wake ukiwa bado umeelekea kwao. Kisha akageuka, akashika ya Ndanai.

Kesho yake, saa ile ile, alibisha hodi. Loice alimfungulia, akasogea apite. Hakumwuliza ametoka wapi, na Phelix hakumwuliza kwa nini alimdanganya.