Mashine Inayouliza Kwanza

"Fundi akikupimia mlango kwa macho tu, bila futi, utaipokea fremu yake?"

Jirani yetu seremala aliniuliza hivyo siku nilipomsimulia habari za mashine ya taa ya kupimia sukari. Nikamjibu kwamba wapo mafundi wenye macho. Akacheka, akapuliza vumbi la mbao kwenye mkono.

"Wapo, dada. Ila mchunge asije akakuuliza upana wewe kwanza."

Neno lile lilinikaa moyoni.

Binti yangu kitinda mimba ana kisukari tangu akiwa na miaka kumi na mitano. Kazi yake ni kushona kola za mashati, na kila siku hujitoboa kidole mara nne apate tone la damu la kupimia. Ncha za vidole zimekuwa ngumu kama visigino, hata kitambaa chepesi hakihisi tena. Namba anayoipata ndiyo inayomwambia ajidunge insulini kiasi gani. Namba ikidanganya, anaanguka. Mwaka jana nilimkuta bafuni, kalala sakafuni, maji yanamwagika, nikadhani anamfuata marehemu baba yake.

Basi aliposikia kuna bwana anapima sukari kwa picha ya kidole, bila kutoboa, alifurahi kama aliyefunguliwa pingu.

"Mama, leo nikikabidhiwa ile mashine, hivi visindano natupa jalalani."

"Mungu akipenda," nikasema.

Asubuhi ile alijidunga dozi yake, akaenda kuvaa. Nilipotoa vyombo nikakuta kikombe chake cha chai kimejaa pomoni, na mkate haukuguswa. Sikutaka ugomvi kabla hatujatoka. Nikaimwaga chai, nikatia mkobani pipi tatu na kipimo chake cha zamani, nikamfuata.

Chumba kilikuwa ghorofani, juu ya duka la miwani. Bwana mwenyewe ni mtu wa makamo, koti lake jeupe bado lina mikunjo ya kutoka dukani. Nikakaa karibu na mlango. Midomo yangu ilikuwa kwenye sala, macho yangu kwenye mikono yake.

Akaanza na mzee mmoja mwenye tai. "Umetumia nini leo?"

"Soda moja tu, daktari."

Akaandika. Kidole kikaingia kisandukuni, taa nyekundu ikawaka. Namba ikatoka: kumi na tatu. Akaja bibi mmoja, akasema hajatia kitu tumboni tangu jana. Akaandika. Taa ikawaka: tano.

"Umeona, Mama? Imejua!" mwanangu akaninong'oneza.

"Imejua, au imeambiwa?"

"Mama nawe! Hata malaika akishuka utamdai kitambulisho."

"Malaika hataniuliza nimekula nini."

Zamu yake ikafika. "Dada, asubuhi umekula nini?"

Akanitupia jicho la pembeni. "Chai ya sukari na vipande vitatu vya mkate."

Nikajua uongo ule haukumlenga yule bwana. Ulinilenga mimi, nisije nikamgombeza kwa kujidunga bila kula. Bwana akaandika. Taa ikawaka, na kwenye kioo ikatokea picha ya kidole cha mwanangu, nyekundu, yenye mishipa kama jani lililoinuliwa juani. Nzuri, sikatai.

"Kumi na mbili nukta nne. Iko juu, dada. Ongeza dozi kidogo."

Mwanangu akafungua mfuko wake, akatoa insulini. Juu ya mdomo wake kulikuwa na matone ya jasho, na feni inazunguka.

Nikasimama. "Weka chini hiyo sindano."

"Mama, usinitie aibu mbele za watu."

"Chai yako nimeimwaga kwa mkono wangu, mwanangu. Hukuinywa hata funda moja."

Akainamisha macho. Bwana akacheka kidogo. "Mama, mashine inasoma damu, haisomi vikombe."

"Basi isome tena, na safari hii usiandike kitu."

"Bila taarifa haiwezi, mama yangu. Taarifa zinaisaidia."

"Zinaisaidia kuona, au zinaisaidia kusema?"

Mzee wa tai akakohoa. Nikatoa kipimo cha zamani mkobani, nikakiweka mbele ya mwanangu. Alinitazama kwa hasira, kisha akajitoboa. Tukasubiri. Akasoma mwenyewe, kwa sauti ndogo.

"Mbili nukta tisa."

Kila anayeishi na ugonjwa huu anajua namba hiyo ni ya kukimbilia sukari, si ya kujidunga.

"Bado inajifunza," bwana akasema, akikisukuma kisanduku upande wetu wa meza. "Mkikaa nayo mwezi mmoja nyumbani, itamzoea."

Mwanangu akakitazama kisanduku, akaitazama insulini iliyokuwa bado mkononi mwake. Akairudisha mfukoni polepole. Nikampa pipi. Akaimenya, akaitia mdomoni, akakinyonya na kile kidole chenye damu, akatoka, kisanduku akakiacha mezani.