Plagi ya Kilomita Elfu Arobaini

Mume wangu alisoma mita za maji za watu kwa miaka thelathini na moja, na maradhi ya kazi ile hayajamtoka mpaka leo. Kwake namba ndiyo neno la mwisho. Ukimwambia una njaa, anatazama saa kwanza. Ukimwambia umechoka, anakuuliza tangu saa ngapi. Mimi ni mshonaji, mara nyingi napima kwa jicho tu, na nguo zangu zinawakaa watu vizuri, lakini nyumbani kwetu anayepima kwa jicho hana hoja.

Kwa hiyo siku aliponunua plagi ya pikipiki, zile za muda mrefu, na boksi lake limeandikwa kilomita elfu arobaini, nyumba nzima tulipewa taarifa. Alilisoma lile boksi mezani, mbele ya binti yetu mkubwa na mumewe, chakula kinapoa.

"Elfu arobaini," alisema. "Mtanizika mimi, hii bado inawaka."

Kisha akaenda bandani, akaandika kwa chaki ukutani namba iliyokuwa kwenye mita ya pikipiki siku ile, asije mtu akambishia baadaye.

Miaka miwili mambo yakawa shwari. Wa tatu pikipiki ikaanza vituko. Asubuhi anaipiga kiki mpaka anavua shati. Mlimani inakohoa, na mafuta inakunywa kuliko zamani. Kila nilipoitaja plagi alinishika mkono akanipeleka bandani.

"Soma ukutani," ananiambia. "Sasa soma mita. Toa. Elfu kumi na tisa tu. Haijafika hata nusu!"

Basi akasafisha kabureta, akalaumu kituo cha mafuta, akabadilisha betri, na alipokosa wa kumlaumu akasema labda mimi nimenenepa. Hilo nililiweka kiporo.

Jumatano moja tulikuwa tunakwenda kwa dada yangu. Dada hatoki ndani siku hizi, miguu imemkatalia, na Jumatano ndiyo siku yangu ya kwenda kumchekesha. Tulipofika katikati ya njia panda kubwa, pikipiki ikazima. Mbele lori, nyuma basi, honi kila upande. Tukashuka, tukasukuma, mimi na mkoba wangu wa mboga, na watu wazima wenzetu wakitutazama. Mmoja wa waliotutazama alikuwa mkwe wetu, ndani ya gari lake, na mkwe wetu hajui kutunza siri.

Jioni binti yetu akapiga simu. Pikipiki ile alimnunulia baba yake alipostaafu, na kadi ya umiliki ina jina la binti mwenyewe.

"Baba, Jumamosi namleta mtu aiangalie. Inauzwa. Siwezi kukaa nasubiri kupigiwa simu kwamba mko chini ya lori wote wawili."

Mume wangu aliweka simu mezani. Alitoka akaenda kukaa bandani, na mimi moyo uliniuma, tena si kwa ajili yake peke yake. Bila pikipiki, kwa dada ningepelekwa na mkwe, mara moja kwa mwezi, nikisimuliwa habari za mgongo wake njia nzima.

Kesho yake, Alhamisi, mzee alipojinyoosha baada ya chakula cha mchana, nilichukua spana ya plagi nikaifungua ile plagi mwenyewe. Msishangae nilijulia wapi. Kila Ijumaa kwa miaka mitatu nimemwona akiitoa, anakaa kwenye kigoda, anaisugua kwa brashi ya waya mpaka ing'ae, anaipuliza, anairudisha. Ningeweza kuifungua nimefumba macho. Niliikunja kwenye kitambaa, nikaenda kwa fundi wa pikipiki wa pale kona, binti mwembamba ambaye watu wamemzoea kwa jina la Chuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nitazamie hii, na usiniulize ya nani."

Aliisogeza kwenye mwanga, akaigeuza, akaenda kuleta kioo cha kukuzia.

"Mama, nani kaitafuna hii?"

"Kwani ina nini?"

"Hii ncha ya katikati inatakiwa iwe nyembamba kama sindano ya cherehani yako. Hapa kimebaki kisiki. Mnaisugua?"

"Kila Ijumaa. Kwa brashi ya waya."

Chuma alikaa juu ya tairi akacheka mpaka akashika mbavu. Mwanzo nilinuna, maana mume ni wangu na kumcheka ni kazi yangu. Halafu na mimi nikashindwa kujizuia.

Alipopata pumzi akanieleza. Plagi za zamani zilikuwa zinasuguliwa, na wazee wengi wamebaki na mazoea hayo. Hizi za muda mrefu hazitaki brashi, ile ncha ni laini mno. Unazitazama tu, na unazibadilisha kwa kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yenyewe, hata kama bado zinawaka. Na pikipiki ikianza kukataa kuwaka, kukohoa na kumaliza mafuta, unaacha habari za namba, unaitoa plagi uikague.

"Ile namba ya kwenye boksi ni ya plagi iliyoachwa kwa amani," alisema.

Nikanunua mpya. Nilitoka pale nia yangu ni safi kabisa, nimpe mzee plagi yake yaishe. Nilipofika getini nikamkumbuka mnunuzi. Pikipiki ikiwaka vizuri Jumamosi, si ataondoka nayo? Nikaingia bandani kimyakimya, nikarudisha kile kisiki mahali pake, plagi mpya nikaitia mfuko wa aproni.

Ijumaa mzee akatoa brashi yake kama kawaida. Nilikuwa kwenye cherehani, hatua tano kutoka alipokaa. Kila aliposugua nilihisi meno yananiuma, lakini nilishona tu.

Jumamosi binti yetu akaja na mumewe, na mnunuzi akiwa nyuma yao, bwana mmoja wa viatu vyeupe anayefanya kazi na mkwe. Alipiga kiki mara nyingi hadi ikawaka, akasema anaizungusha mara moja tu. Tulikunywa chai. Tukaongeza chai. Birika lilipokwisha, tukamwona anakuja kwa mbali, anasukuma, shati limemganda mgongoni na viatu si vyeupe tena.

"Hii si pikipiki, ni mkokoteni," alisema, akakataa hata maji.

Nilikimbilia jikoni nikacheka ndani ya taulo la vyombo. Nilipotoka nikakutana na uso wa mume wangu. Amesimama kando ya pikipiki, mkono juu ya tangi, macho kwenye mita, na mkwe wake anamtazama kwa huruma. Binti yetu akamgusa bega.

"Basi, baba. Jumatatu nitawaita watu wa vyuma chakavu."

Cheko lote likanikauka. Hilo la vyuma chakavu sikuwa nimelipigia hesabu.

Nikamvuta mzee bandani, nikatoa plagi mpya, nikamweleza maneno ya Chuma yote. Siku niliyoambiwa sikuitaja. Alifungua ile ya zamani, akaitazama sana.

"Kila Ijumaa," akasema polepole. "Mimi nikidhani naitunza."

"Waambie imechoka yenyewe," nikamwambia. "Nani atajua?"

"Niliwasomea boksi, mama watoto. Kama plagi ya elfu arobaini inakufa yenyewe kwenye elfu kumi na tisa, basi hata hii mpya itatufia njia panda. Binti yangu hawezi kukubali hilo. Sikuzaa mjinga."

Akatoka, plagi mkono huu, brashi mkono huu, akasimama mbele yao sebuleni.

"Mwanangu, pikipiki haina kosa. Plagi nimeiua mwenyewe, kwa brashi hii. Nilikosea."

Mkwe aliacha kutafuna. Binti yetu alinitazama mimi, kana kwamba nitamtafsiria. Miaka thelathini na minane nimeishi na mtu huyu. Nimeshasikia "ilitokea", nimeshasikia "wamebadilisha namba", nimeshasikia "wewe ndiye hukuniambia". Hilo neno sijapata kulisikia hata mara moja, na siku alipolitoa, alilitoa kwa ajili ya plagi! Nilitaka kumpiga kwa wivu, na wakati huohuo nilitaka kumkumbatia.

Binti yetu akamtaka aeleze tena, taratibu, kuanzia mwanzo. Akaeleza, bila kujipunguzia. Kisha wote tukaenda kusimama bandani akiifunga plagi mpya. Kiki moja tu, ikawaka. Binti yetu akafuta macho, akasema haiuzwi, lakini Chuma aikague kila baada ya miezi mitatu, na brashi anaondoka nayo yeye.

Jumatano tukaenda kwa dada. Mlima tuliupanda bila kikohozi hata kimoja. Juu kabisa mzee akageuza kichwa kidogo.

"Hivi fundi alikwambia lini?"

"Jumamosi ile ile. Mgeni alipokuwa barabarani nilikimbia pale kona mara moja, nikamsimulia fundi habari za brashi."

"Laiti ungewahi kidogo." Akapunguza mwendo, akasema, "Yule bwana nilimwonea huruma. Na mimi niliaibika sana mbele ya mkwe, mama watoto. Sikufichi."

Upepo ulikuwa mwingi na kofia yake ilikuwa karibu na mdomo wangu. Neno lenyewe ni moja tu, na nilikuwa nimemsikia akilisema mbele ya watu. Nikaliweka ulimini, nikalisukuma, likagoma. Nikamshika kiuno kwa mikono miwili, nikamwambia atazame barabara.